Kumbukumbu Haikai Kwenye Betri

Kabla niache chuo, nusura ninunue kifaa cha kupitisha umeme kichwani. Ati ukivaa, unakumbuka kila ulichosoma.

Wazo ni la kale. Karne ya 1, tabibu wa Roma, Scribonius Largus, alitibu maumivu ya kichwa kwa samaki wa umeme. Mwaka 2000, Nitsche na Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kuwa mkondo wa miliampia 1 tu hubadilisha utayari wa seli za ubongo kusisimka. Lakini kuhusu kumbukumbu, majaribio bado yanapingana.

Nilirudi Mbololo. Huku Taita, wazee walihifadhi mafuvu ya wahenga mapangoni, na ukoo ukienda hapo pamoja. Kukumbuka kulikuwa kazi ya wengi. Mimi nilikariri peke yangu, usiku, hadi nikazima.