Kikanzio, Si "Kipengele cha Kupokanzwa"

Maelekezo ya kutengeneza vikaushio vya nguo siku hizi yamejaa "kipengele cha kupokanzwa", na ajabu ni kwamba wapo wanaolitetea. Kiswahili hakina kitenzi "pokanzwa". Kinacho "kanza", yaani kupasha moto, na kutendwa kwake ni "kanzwa". Ukisema maji "yanapokanzwa", ile "po" ni kirejeshi cha wakati, nayo haikai baada ya "ku-". Nani asemaye "kupolala" kwa sababu amesikia "anapolala"? Kumekatwa neno pasipo kiungo, kipande kikapachikwa kichwa, tukaambiwa ni istilahi. "Kipengele" nacho ni cha mkataba, cha sheria, cha hoja. Waliokichagua walilifukuzia neno la Kilatini "elementum", lililobeba maana ya herufi na ya asili ya vitu, wasiutazame waya wenyewe uliojisokota ndani ya bati ukiwaka mwekundu.

Neno stahiki ni "kikanzio", lililoundwa kama kifutio, kichujio na hicho hicho kikaushio kinachokibeba. "Kipashio" lingefaa, ila wanaisimu walikwishalitwaa kwa vipande vya lugha na sidhani watalirudisha. Mafundi watasema "koili" inatosha. Haitoshi, kwa kuwa koili ni umbo: mota ina koili, valvu ya maji ya mashine ya kufulia ina koili, na hakuna iliyowekwa humo ili itoe joto. Kikanzio cha birika, kwa upande mwingine, mara nyingi ni bomba lililopindwa tu. Wajumbe wa vikao vya istilahi watanung'unika kwamba "kanza" limechakaa. Limo kwenye kamusi zilizopangwa nyuma ya viti vyao; kilichochakaa ni desturi ya kuzifungua.

Matumizi ni mepesi. Chomoa umeme, tenga nyaya, pima kikanzio kwa mita: cha wati 5,400 kwenye volti 240 husoma omu 11 hivi. Mita ikionyesha njia imekatika, waya wa nikromu umekwisha. Badilisha kikanzio kizima, usiuunge kwa kuusokota, kisha safisha vumbi la nguo kwenye njia ya hewa. Na kamati ikikutana tena, ianze kwa kufuta "kupokanzwa" kabla ya chai.