Jina la Mtu na Karatasi Yake

Katika mila za Usukuma, mtu hujulikana kwa mzazi wake. Huitwa ng'wana fulani, na mgeni afikapo huulizwa atokako, naye huwauliza wenyeji wake jina. Kujuana huko ni kwa pande mbili. Yatupasa kuanzia hapo ili tuelewe kwa nini amri ya "Toa kitambulisho!" iliwachoma sana babu zetu.

Karatasi ya kwanza ambayo mwananchi wa kawaida aliitunza kwa hofu ilikuwa stakabadhi ya kodi. Wadachi walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufanyishwa kazi badala ya fedha. Wengi kutoka Usukuma walikwenda kuitafuta fedha hiyo katika mashamba ya mkonge, na huko wakaitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa nambari. Hata siku zao za kazi zilihesabiwa katika kipande cha siku thelathini.

Jirani zetu wa Kenya waliona makali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akavishwa shingoni kijaluba cha bati chenye kipande chake. Askari aliweza kumsimamisha popote. Harry Thuku aliupinga utaratibu huo, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Uhuru haukuimaliza hofu hiyo kwa siku moja. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvukazi, watu walisakwa mijini, na asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kurudishwa shamba. Vijijini, stakabadhi ya kodi ya maendeleo ilidaiwa hadi kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003.

Hata hivyo, tusiidharau karatasi. Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, imo katika ukanda wa dhahabu uwavutao vijana wa kila pembe ya nchi. Wenyeji hawawezi tena kumtambua kila mtu kwa ukoo wake. Kitambulisho cha Taifa, kilichoanza kutolewa mwaka 2013 kwa msingi wa sheria ya mwaka 1986, humfanyia mgeni kazi ya shahidi. Dereva naye hana budi kuwa na leseni yake barabarani.

Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ina jambo ambalo wazee wetu wangelitambua mara moja. Polisi anayechunguza kosa aweza kumwuliza mtu jina na makazi yake, akimweleza sababu. Naye aliyeulizwa hana ruhusa ya kukataa wala kudanganya. Papo hapo, raia naye akimwuliza askari jina, namba na kituo chake, askari sharti ajibu.

Hapo ndipo tofauti ya raia na manamba ilipo. Manamba aliulizwa tu. Raia huulizwa, naye huuliza. Basi tuwafundishe vijana wetu kutunza vitambulisho vyao na kujibu kwa heshima na ukweli, na tuwafundishe pia kuuliza bila woga. Askari anayejitaja jina hapungukiwi na mamlaka yake.