Maji ya Mgodini na Haki ya Mwenye Mali

Tunapofundisha historia ya mapinduzi ya viwanda, kwa kawaida huanzia kwenye injini ya mvuke, na mara nyingi mwanafunzi huondoka akidhani kwamba injini hiyo ilibuniwa ili kuendesha viwanda vya nguo au kuvuta magari moshi. Sivyo. Injini ya Thomas Newcomen iliyofungwa karibu na Dudley, Uingereza, mwaka 1712, ilikuwa na kazi moja tu: kuvuta maji kutoka katika mgodi wa makaa ya mawe.

Sababu yake ni ya kiuchumi. Makaa yaliyokuwa karibu na uso wa ardhi yalikuwa yanakwisha. Kadiri wachimbaji walivyoteremka chini, ndivyo maji yalivyopenya katika miamba na kujaa mahandakini. Bepari aliyeshindwa kuyatoa aliupoteza mgodi na mtaji wake wote. Kwa hiyo maji yalivutwa usiku na mchana, bila kujali gharama. Hapo hatuna budi kujiuliza: maji hayo yalipoleta madhara, sheria ilimlinda nani? Matukio mawili yaliyofuatana kwa miezi 13 tu yanalijibu swali hili.

La kwanza lilitokea Lancashire. John Rylands, bwanyenye wa viwanda vya nguo, alijenga bwawa la kukipatia maji kinu chake, kwa idhini ya kabaila mwenye ardhi, Lord Wilton. Jirani yake, Thomas Fletcher, alikuwa akichimba makaa chini ya ardhi, naye pia kwa kibali cha kabaila huyo huyo. (Tazama jinsi mtu mmoja alivyoweza kuwa bwana wa maji ya juu na wa makaa ya chini, bila ya kushika sururu wala ndoo.) Makandarasi waliolijenga bwawa walikuta mashimo ya zamani ya mgodi yaliyofukiwa udongo, wala hawakuyaziba sawasawa. Tarehe 11 Desemba 1860 maji yalipasua mashimo hayo, yakaingia na kuujaza mgodi wa Fletcher.

La pili lilitokea New Hartley, Northumberland, tarehe 16 Januari 1862. Mgodi wa kale wa Hartley ulikuwa umekwisha kuachwa mwaka 1844 kwa sababu ya maji, na mgodi mpya ulitegemea pampu kubwa ya mvuke. Shimo la kuteremkia lilikuwa moja tu. Shimo hilo hilo lilibeba pampu, makaa, hewa na watu, kwa kuwa kuchimba la pili kungepunguza faida. Asubuhi ile, wakati wa kubadilishana zamu, boriti ya pampu ya chuma cha kusubu, yenye uzito wa zaidi ya tani 40, ilikatika, na nusu yake ikaporomoka shimoni. Njia ikazibika. Wanaume na watoto wapatao 204 walikufa, wengi wao kwa hewa ya sumu, kabla ya waokoaji kuwafikia.

Sasa tuangalie dola ilivyofanya. Shauri la Fletcher lilipanda ngazi baada ya ngazi mpaka likafika katika baraza la juu kabisa la Mabwana, na mwaka 1868 likaamuliwa kwamba mtu anayekusanya katika ardhi yake kitu cha hatari, nacho kikatoroka na kumdhuru jirani, sharti alipe, hata kama yeye binafsi hakuzembea. Fletcher akashinda. Kanuni hiyo ikasafiri pamoja na ukoloni: Tanganyika ilipopokea sheria ya Kiingereza mwaka 1920, kanuni ya Rylands na Fletcher ilikuwa ndani ya mzigo huo.

Lakini wajane wa Hartley hawakupewa kanuni ya namna hiyo. Uchunguzi wa vifo ulisema ni ajali. Tangu mwaka 1837 mahakama zilikuwa zimeshika msimamo kwamba mfanyakazi aliyeumizwa kwa kosa la mfanyakazi mwenzake hana madai kwa mwajiri, na msimamo huo haukufutwa kabisa mpaka mwaka 1948. Wajane na yatima walitunzwa kwa michango ya hisani. Ni kweli, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1862 kutaka kila mgodi uwe na njia mbili za kutokea, na huo ni ushindi usiodharaulika. Hata hivyo, maji yalipoharibu mali, mwenye mali alipata haki ya kudai; pampu ilipoua watu, waliosalia walipata sadaka.

Kuna sura nyingine ya suala hili ambayo wanahistoria wengi huipita haraka. Mgodi ulimwaga maji kwa wingi, lakini mchimbaji alirudi nyumbani mweusi kwa vumbi, na mkewe ndiye aliyebeba na kuchemsha maji ya kumwogesha, yeye na wanawe, zamu baada ya zamu. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, nayo iliunguza watoto wadogo. Sheria ya mwaka 1911 iliruhusu mabafu mgodini, lakini kwa masharti: theluthi mbili za wafanyakazi wayapigie kura, wagharimie nusu ya uendeshaji, na gharama zote zisizidi peni 3 kwa wiki kwa kila mtu. Kwa masharti hayo ni migodi michache tu iliyoyajenga.

Mwaka 1919 Elizabeth Andrews wa Rhondda alikwenda pamoja na wake wengine wa wachimbaji mbele ya Tume ya Sankey, wakaieleza kazi hiyo ya ndani kama suala la mgodi. Mwaka 1926, mwaka ule ule wachimbaji waliposhindwa vibaya katika mgomo wa mishahara, sheria iliweka tozo ya asilimia 5 juu ya mrabaha wa makabaila wenye ardhi ya makaa, fedha zijengee mabafu. Migodi ilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1947, mamia ya mabafu yalikuwa yamekwisha kujengwa, na katika nyumba nyingi za wachimbaji sufuria kubwa la maji lilikuwa limeondolewa mekoni.