Neno "Baridi" katika Historia ya Kilimanjaro

Safari ya Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai mwezi wa Aprili 1848 akapita Taita kwenda Uchagani, hutajwa aghalabu kwa sababu ya kile alichokiona. Yafaa pia tuzingatie alichoambiwa. Tarehe 11 Mei aliona weupe kileleni mwa Kilimanjaro. Yeye alidhani ni wingu. Kiongozi wake aliuita "baridi" tu. Hapo Rebmann akatambua kuwa ni theluji.

Huko Uingereza, W. D. Cooley, mwanajiografia ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alikana katakata kuwa theluji yaweza kudumu karibu na Ikweta. Ubishi huo ulikosa nguvu baada ya mwaka 1862, Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima hadi mita 4,300 hivi.

Neno la kiongozi yule halikutaja rangi wala umbo. Lilitaja kile kinachompata mtu aukaribiapo weupe ule. Kwa hiyo ushahidi ulikwisha kutolewa, tena kwa Kiswahili, miaka 14 kabla. Mwanahistoria asiyesikiliza lugha ya wapagazi na viongozi wa misafara hujinyima shahidi aliyekuwapo.