Taazia ya Mwandishi wa Watoto

Januari 2016, tanzia ya Edwin Semzaba ilinikuta Bukoba. Nilishika kalamu niandike taazia yake, na sentensi ya kwanza ikaja bila taabu: mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtunzi wa tamthiliya ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, niliyoifundisha sekondari kwa miaka mingi. Marimba ya Majaliwa, riwaya yake ya watoto, niliitengea kishazi kimoja mwishoni.

Nikasita. Nilikuwa nimemsomea mjukuu wangu, kule Muleba, habari za Majaliwa anayezunguka Tanzania kuitafuta marimba yake. Mtoto alisikiliza kimya, kisha akauliza: “Babu, na sisi tumo?” Hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza hivyo juu ya kitabu cha mtihani.

Niliifuta sentensi ile, nikaanza na Majaliwa. Wapenzi wa lugha, tanzia hutangaza kifo. Taazia hueleza tulichoachiwa. Msomaji wa Ngoswe hazaliwi kidato cha tatu. Huanza kuwa msomaji siku anapojitafuta katika hadithi.