Wembe na Maji: Habari za Kunyoa katika Nchi ya Rufiji

Watu wa pwani husema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake maana ya maneno haya, hujibiwa upesi kwamba jambo lililompata jirani laweza kukupata na wewe, basi jiweke tayari. Jibu hilo ni sahihi. Lakini methali hii ina jambo jingine ndani yake, nalo ni ushahidi wa desturi. Yatuambia kwamba wazee walilainisha nywele kwa maji kabla ya kunyoa. Tena yatuambia kwamba watu walinyolewa kwa zamu, huyu akiondoka na yule akikaa mahali pake, kwa wembe ule ule mmoja. Makusudi ya maandiko haya ni kueleza jinsi desturi ya maji ilivyodumu hata leo, na jinsi ile ya wembe mmoja ilivyobidi kuachwa, katika delta ya Rufiji na Kibiti kama katika pwani yote.

Tuanze na jina la chombo. Wembe na jembe ni ndugu, maana shina lao ni moja: jembe ni bapa kubwa la chuma lichimbalo ardhi, na wembe ni bapa jembamba lenye makali. Kati yao yuko kijembe, kisu kidogo cha kuchanjia, ambacho siku hizi wengi hukijua kwa mafumbo tu, mtu anapopigwa vijembe barazani. Kwa mkulima wa mpunga wa bonde la Rufiji undugu huo haukuwa neno tupu, kwa kuwa jembe na wembe vyote viwili vilikuwa kazi ya mhunzi. Wembe wa namna hiyo haukushika makali siku nyingi. Kila mara ulinolewa juu ya kinoo kilicholoweshwa maji, na kinyozi aliujaribu kwa kidole kabla ya kuuweka kichwani mwa mtu. Naye alikuwa fundi wa kweli, maana alijua kunyoa kipara, kukata denge, yaani kuacha nywele utosini peke yake, na kukata panja penye paji la uso.

Kunyoa hakukuwa jambo la urembo tu. Wakazi wengi wa delta ni Waislamu, na kwao mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Sunna huitaja siku ya saba pamoja na akika, na wengi wa pwani wamezoea kungoja siku ya arobaini, mama atokapo nje. Vijana wa jando walinyolewa, na katika makabila mengi ya nchi hii wafiwa walinyolewa matanga yalipokwisha. Basi kuzaliwa, kukua na kufiwa, kila jambo lilikuwa na wembe wake. Wala katika mambo haya mtu hakujinyoa. Alinyolewa, akainamisha kichwa mbele ya mwenziwe na kumwamini kwa makali yaliyo karibu na koo lake. Ndiyo sababu ya ile methali ya pili, "Kinyozi hajinyoi." Hata aliye fundi kuliko wote alihitaji mkono wa mwingine.

Mwaka 1903 Carl Velten alitoa kule Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima, upande wa kaskazini wa Rufiji. Desturi za watu wa pwani tangu kuzaliwa hata kuzikwa zilihifadhiwa humo. Mwaka ule ule, kule Marekani, King Camp Gillette alianza kuuza chombo ambacho baadaye kingegeuza mojawapo ya desturi hizo. Kabla yake walikuwako waliotengeneza wembe wenye kinga ya kuzuia makali yasizame katika ngozi, kama akina Kampfe wa New York mwaka 1880. Lakini wembe wao ulikuwa mnene, nao ulihitaji kunolewa. Gillette, akisaidiwa na fundi William Nickerson, alifanya wembe mwembamba kama karatasi, wenye makali pande mbili, unaofungwa katika kishikio na kutupwa ukiisha kuwa butu. Mwaka wa kwanza aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata, 1904, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, na vishikio alivyouza vilizidi 90,000.

Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Vita hivyo vilifika mpaka katika mikoko ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mwaka 1914, ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Askari wa vita hivyo hawakuweza kumngoja kinyozi. Serikali ya Marekani peke yake iliagiza kwa ajili ya jeshi lake vishikio milioni 3.5 na nyembe milioni 36. Wanaume waliozoea kujinyoa vitani waliendelea kujinyoa nyumbani. Na hati ya Gillette ilipokwisha muda wake mwaka 1921, viwanda vingi viliingia katika kazi hiyo, na wembe ukawa kitu cha bei ndogo, ukafika hata katika maduka ya vijijini.

Ajabu ni kwamba chombo kilibadilika, lakini maji hayakubadilika. Atakaye kujinyoa vema kwa mashine ya wembe mmoja hufanya kama wazee. Kwanza hulowesha ndevu kwa maji ya moto hata zilainike. Hupaka povu la sabuni. Hushika kishikio kwa wepesi, bila kukandamiza, na wembe ukilala kidogo juu ya ngozi. Hufuata uelekeo wa ndevu, kwa hatua fupi fupi. Mwisho hunawa kwa maji ya baridi. Asiyetia maji hujikata, nayo methali imekwisha kumwonya.

Lililobadilika ni zamu. Wembe mmoja uliopita vichwani mwa watu wengi uliweza kuchukua damu ya huyu na kuitia katika jeraha la yule, na pamoja nayo maradhi ya homa ya ini. UKIMWI ulipotambuliwa Tanzania mwaka 1983, huko Kagera, hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi, na neno likahubiriwa zahanati kwa zahanati: msichangie wembe. Wengine walidhani kwamba desturi zenyewe zingekoma. Hazikukoma, kwa sababu wembe wa bei ndogo ulikwisha kuwako. Kila mtoto wa jando aliweza kupata wake, kila mfiwa wake. Na mkunga aliweza kukata kitovu kwa wembe mpya, usioshika kutu wala uchafu uletao pepopunda. Hivyo kitu kilichoonekana kuwa cha kigeni ndicho kilichozipa desturi za kale nafasi ya kuishi.

Siku hizi, katika nchi za ng'ambo, wako wanaorudi kwenye wembe mmoja baada ya kuchoshwa na vinyoleo vya plastiki vyenye makali mawili, matatu na zaidi, vilivyoenea tangu mwaka 1971. Kurudi huko kuna faida hasa kwa watu wenye nywele za kipilipili. Makali mengi hukata unywele chini ya ngozi, nao ukiota hujikunja na kuingia ndani, ukazaa vipele. Wembe mmoja uliotumiwa kwa upole hauchimbi hivyo. Kwa mtu wa Kibiti habari hii si mpya sana, maana ule wembe mwembamba haukutoka dukani. Watoto wa shule huchongea penseli, mshonaji hufumulia nyuzi, na kinyozi huufungua mpya kutoka katika karatasi yake mteja akiona.

Basi mwalimu afundishapo methali ile asiseme maana yake tu. Na aeleze ile safu ya watu waliokaa chini ya mti, kila mmoja akitia maji kichwani na kungoja wembe wa mwenziwe. Na aongeze neno moja ambalo wazee hawakuwa na sababu ya kulisema: kutia maji mwenzako akinyolewa ni busara hata leo, bali wembe wake muachie mwenyewe.