Kutoka Nzige wa Rukwa hadi Mkasi wa Jeni: Swali ambalo Ivuna Haijaulizwa

Jina la Ivuna, kata iliyo ndani ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, linafahamika katika maabara za dunia pengine kuliko linavyofahamika Dodoma. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapo kimondo, na kundi zima la vimondo adimu likapewa herufi CI, ile I ikiwa ni Ivuna. Kipande chake kimojawapo kimehifadhiwa London. Mwaka huo, hata hivyo, watu wa bonde la Rukwa walikuwa na sababu nyingine ya kutazama angani. Nzige wekundu, waliozaliana katika mbuga za Rukwa na za Mweru wa Ntipa upande wa Zambia ya leo, walikuwa wamekwisha kusambaa hadi Afrika Kusini. Baa lile lilianza mwaka 1930 hivi na halikutulia hadi katikati ya miaka ya 1940.

Mwaka 1949 serikali za kikoloni zilitia saini mkataba wa kuunda chombo cha kimataifa cha kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Wataalamu wake walikaa mbugani miaka mingi, wakipima mafuriko, wakichunguza nyasi na mahali nzige wanapotagia, wakihesabu tunutu. Kisha zikaja sumu, na katika vita vya nzige vya miaka ya 1950 na 1960 iliyotukuka kuliko zote ni dieldrini. Ilisifiwa kwa sababu haikuoza upesi. Kwa sababu hiyo hiyo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliipiga marufuku.

Kumbukumbu iliyobaki kwa umma, na naona ndani ya idara zetu pia, ni ile ya ndege na dawa. Kazi ya miaka ya kumfahamu mdudu imesahauliwa. Tukajifunza kwamba mdudu akizidi, ongeza dawa.

Somo hilo halikuwafaa viwavi. Nzige mwekundu ana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitika nchini mwaka 2017, hukamilisha kizazi kwa muda wa mwezi mmoja hivi panapokuwa na joto, na joto ndilo hasa lililopo bonde la Rukwa. Mkulima anapopulizia mara tatu au nne katika msimu mmoja, huwa anafanya uteuzi bila kukusudia: wanyonge hufa, wachache wenye kinga hubaki na kuzaana. Jambo hili si geni. Mmarekani A. L. Melander aliuliza mwaka 1914 kama wadudu wanaweza kuwa sugu kwa dawa, na DDT ilianza kuwashinda watu kwa nzi wa nyumbani miaka michache tu baada ya kuingia sokoni.

Hapa ndipo uhariri wa jeni unapohusika. Miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti waligundua, kwa kumchunguza nzi wa matunda, kwamba badiliko dogo katika jeni moja, iitwayo Rdl, linatosha kumkinga mdudu na dieldrini, sumu ile ile ya vita vya nzige. Lakini katika wadudu wengi wa mashambani kilichoonekana ni kuambatana tu: sugu wana badiliko fulani, wasio sugu hawana. Sisi wanahistoria tunaujua mtego huo, nasi hatuna njia ya kuurudia mwaka 1949 tukiondoa jambo moja. Mtaalamu wa wadudu sasa anayo. Kwa mkasi wa jeni, uliowapa Charpentier na Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, anakata jeni inayoshukiwa, kisha anajaribu dawa. Watafiti wa China walitangaza mwaka 2018 kwamba waliondoa jeni tisa zilizopangana kwa funza wa vitumba, na funza hao wakawa dhaifu mbele ya viuadudu kadhaa. Ushahidi wa namna hiyo hauachii shaka nafasi kubwa.

Najua neno «jeni» linaamsha hofu nchini. Novemba 2018 Serikali ilisitisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba pale Makutupora. Lakini kumhariri kiwavi ndani ya maabara ili kujua kwa nini hafi si kupanda mbegu shambani, na afisa anayeyachanganya mambo hayo mawili anamwadhibu mkulima.

Maana swali la Ivuna ni hili: dawa isipoua, je, ni feki au mdudu amekuwa sugu? Ikiwa ni feki, kazi ni ya wakaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ikiwa ni usugu, kuwakamata wauzaji hakutasaidia kitu; inabidi kubadilisha kundi la dawa, na mkulima anayeongeza kipimo anazidisha tatizo kwa fedha yake mwenyewe. Jeni zikishathibitishwa kokote duniani, kuzitafuta katika viwavi wa Momba hakuhitaji mkasi tena. Kunahitaji viwavi kumi au ishirini ndani ya chupa ya spiriti, jina la kijiji, jina la dawa na tarehe iliyopuliziwa, kisha basi la kwenda Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine. Afisa ugani anaweza kuanza msimu huu, kwa daftari la kawaida lenye safu nne.